Majumba ya Opera Uarabuni: Nani Anayeimba, na kwa Lugha ya Nani?

Mwezi wa Aprili mwaka 2024, katika mji wa Riyadh, lilitokea jambo ambalo miaka kumi kabla yake ni wachache wangalithubutu kulibashiri. Katika Kituo cha Utamaduni cha Mfalme Fahd palichezwa opera. Wala haikuwa opera ya kukodiwa Ulaya ikaletwa na masanduku yake. Ilikuwa opera mpya, maneno yake ni ya Kiarabu, kisa chake ni cha Bara Arabu ya kale, na wenyeji wakaitangaza kuwa ndiyo opera kubwa ya kwanza ya Kisaudi. Jina lake ni Zarqa Al Yamama.

Tukumbuke kwamba hii ndiyo nchi ambayo majumba ya sinema yalikuwa yamefungwa kwa zaidi ya miaka thelathini, yakafunguliwa tena mwaka 2018. Kutoka sinema hadi opera katika miaka sita si hatua ndogo.

Kisa chenyewe wazee wetu waliosoma vitabu vya Kiarabu wanakifahamu. Zarqa alikuwa mwanamke mwenye macho ya buluu, naye akijaliwa kuona mbali mwendo wa siku kadha. Siku moja aliwaambia watu wa kabila lake kuwa ameona miti inatembea. Wakamcheka. Kumbe adui alikuwa amekata matawi, kila askari akajifunika lake, jeshi zima likaja kama msitu. Waliposadiki, maji yalikuwa yamekwisha mwagika.

Msomaji wa Mombasa, Lamu au Malindi aweza kuuliza: haya yanatuhusu nini? Ya Ngoswe si muachie Ngoswe? La hasha. Yanatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, kila upepo wa nyimbo uliovuma Misri na Uarabuni haukuchelewa kufika mwambao huu. Taarabu yetu ni shahidi. Pili, katika majumba haya mna swali linalotukabili sisi pia: taifa likiwa na fedha, au likikopa fedha, linunue sanaa ya wengine iliyokwisha kupikwa, au lifundishe watoto wake waipike yao?

OPERA NI KITU GANI?

Wako wanaodhani opera ni makelele ya Wazungu wanene. Haya ni maneno ya mtu ambaye hajapata kuisikiliza. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake, badala ya kusemwa, huimbwa. Mtu akipenda, huimba. Akighadhibika, huimba. Akifa, naye hufa akiimba. Ilianza Italia miaka ya mwisho ya karne ya kumi na sita, ikapata nguvu katika majumba ya wafalme, kisha ikawashukia watu wa kawaida hata mchuuzi wa mboga wa Napoli akawa anaghani sokoni nyimbo alizozisikia jukwaani.

Sauti zimegawanywa. Kwa wanawake, ya juu kabisa huitwa soprano, ya katikati ni mezo-soprano, na ya chini ni alto. Kwa wanaume, ya juu ni teno, ya katikati ni baritoni, na ile nzito ya kutoka kifuani ni besi. Kwa desturi, teno na soprano ndio wapenzi, baritoni ndiye anayewaharibia, na besi ni baba, mfalme au kuhani.

Lakini ajabu kubwa ya opera ni hii: mwimbaji hatumii kipaza sauti. Mbele yake pana okestra ya watu sitini au themanini, wengine wakipuliza tarumbeta, na nyuma ya okestra kuna watu elfu mbili wameketi. Naye peke yake, kwa koo na pumzi zake, humfikia aliyekaa kiti cha mwisho kule juu karibu na dari. Wataalamu wamepima wakaona kwamba sauti iliyofunzwa, hasa ya mwanamume, hukusanya nguvu zake karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo ala za okestra hazina nguvu nyingi. Basi sauti hupenya pale penye upenyo, kama mtu mwembamba anavyopenya katika msongamano wa feri ya Likoni.

Watu wa mwambao hawana haja ya kuelezwa sana jambo hili. Kabla ya vipaza sauti kufungwa katika minara, muadhini alipanda juu akasikilizana na mitaa mitatu. Na ni nani asiyekumbuka santuri na kanda za Sheikh Abdul Basit Abdus Samad, msomaji wa Misri aliyefariki mwaka 1988, jinsi alivyovuta pumzi moja mpaka msikilizaji akakatikiwa na pumzi zake yeye? Kisomo si wimbo, na Qur'ani si muziki. Hilo halina mjadala, wala haifai kuvichanganya. Lakini pumzi ni pumzi. Anayejua uzito wa kuishika pumzi mpaka mwisho wa aya hawezi kumdharau anayeishika mpaka mwisho wa ubeti.

Ama suala la muziki katika dini, maulamaa wamehitilafiana tangu zamani. Wako waliouharamisha kwa ukali, na wako kama Imamu Ghazali aliyeandika mlango mzima akipambanua kati ya usikilizaji wenye kudhuru na usiodhuru. Ukurasa huu haukai mahali pa mufti. Neno letu hapa ni la dunia: fedha, heshima na ujuzi.

KHEDIVU ISMAIL NA MWAKA WA 1875

Riyadh si mji wa kwanza wa Waarabu kucheza opera. Cairo ilitangulia kujenga jumba lake, na hadithi yake yafaa isomwe na kila waziri wa fedha.

Mtawala wa Misri wakati huo, Khedivu Ismail, alitaka nchi yake ihesabiwe kuwa sehemu ya Ulaya. Mfereji wa Suez ulipokuwa karibu kufunguliwa, akaamuru lijengwe jumba la opera. Lilijengwa kwa miezi michache tu, sehemu kubwa ikiwa ya mbao, likafunguliwa mwezi wa Novemba 1869 kwa opera ya Verdi iitwayo Rigoletto. Wengi husema kuwa lilifunguliwa kwa Aida, na kwamba Aida ilitungwa kwa ajili ya Mfereji. Sivyo. Aida ilikuja baadaye, tarehe 24 Desemba 1871.

Kwa kazi hiyo Verdi alilipwa faranga 150,000, fedha nyingi mno kwa siku zile. Mavazi na mapambo ya jukwaa yalitengenezwa Paris, yakachelewa kwa sababu mji huo ulikuwa umezingirwa na majeshi ya Wajerumani. Maneno yalikuwa ya Kiitalia, waimbaji walitoka Ulaya, na kiongozi wa okestra alikuwa Mwitaliano. Verdi mwenyewe hakusafiri kwenda kuitazama. Misri ilitoa nini? Ilitoa jina, piramidi za kuchorwa, na hundi.

Kisa cha Aida kinamhusu binti mfalme wa Uhabeshi aliyetekwa akafanywa mtumwa Misri. Kapteni wa Misri, Radames, anampenda; na binti wa mfalme wa Misri, Amneris, anampenda Radames. Mapenzi yakapigana na nchi. Mwishoni Radames anafungiwa kaburini akiwa hai kwa kosa la uhaini, naye Aida ameshajificha humo kumngojea, wafe pamoja. Ni kisa cha kuliza. Ila msomaji atazame vizuri: katika opera hiyo Misri ndiyo mshindi na Mhabeshi ndiye mateka. Ismail alipenda kujiona hivyo.

Basi tazama mambo yalivyokwenda. Mwaka 1875 Ismail alipeleka jeshi Uhabeshi kweli, si la jukwaani. Likavunjwa Gundet mwezi wa Novemba mwaka huo, na jingine likavunjwa Gura mwezi wa Machi 1876. Mwaka huo huo wa 1875 alipeleka marikabu chini ya Mwingereza McKillop Pasha, zikashika Barawa na Kismayu, miji iliyokuwa chini ya bendera ya Seyyid Barghash wa Unguja. Naam, mwambao wetu huu! Waingereza wakaingia kati, na haukupita muda mrefu Wamisri wakaondoka. Na Novemba 1875, akiwa hana kitu mfukoni, aliwauzia Waingereza hisa za Misri katika Mfereji wa Suez kwa kiasi cha pauni milioni 4. Mwaka 1876 Misri ikashindwa kulipa madeni yake. Mwaka 1879 Ismail akavuliwa utawala. Mwaka 1882 Waingereza wakaingia na majeshi, na hawakutoka upesi.

Ingekuwa uonevu kusema kwamba opera ndiyo iliyoiuza Misri. Faranga 150,000 si kitu mbele ya madeni ya reli, majumba, vita na riba za mabenki ya Ulaya. Lakini opera ilikuwa dalili ya ugonjwa. Mtawala alitaka matunda ya ustaarabu bila ya kuupanda mti. Mwanachuoni wa Kipalestina, marehemu Edward Said, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu utamaduni na ubeberu, aliieleza Aida kuwa ni Misri iliyotungwa na Ulaya kwa macho ya Ulaya. Na mtu akitungiwa sura yake na mwingine, hana budi kuivaa kama alivyoshonewa.

Jumba lile la mbao liliungua tarehe 28 Oktoba 1971. Mahali pake pakajengwa jengo la kuegeshea magari. Uwanja ule mpaka leo huitwa Uwanja wa Opera, ingawa opera yenyewe haipo.

WAIMBAJI WA KUSIKILIZWA

Hata hivyo mti mbaya huweza kuzaa tunda jema akipatikana wa kuupalilia. Misri haikukoma. Mwaka 1988 lilifunguliwa jumba jipya, kwa msaada wa Japani, katika kisiwa cha Gezira kilicho kati ya mto Nili, na mkurugenzi wake wa kwanza akawa mwanamke wa Kimisri, Dk. Ratiba El-Hefny, mwenyewe mwimbaji na mtaalamu wa muziki. Humo mna chuo, mna okestra, mna bendi za muziki wa Kiarabu. Na matunda yameonekana.

Wa kwanza kutajwa ni Fatma Said, soprano aliyezaliwa Cairo mwaka 1991. Alisomea Berlin, kisha akaingia chuo cha La Scala kule Milan, na mwaka 2016 akaimba nafasi ya Pamina katika jukwaa la La Scala lenyewe, jumba ambalo kwa waimbaji wa opera ndilo kilele. Santuri yake ya mwaka 2020 aliipa jina la Kiarabu, El Nour, na ndani yake akaweka nyimbo za Kifaransa, za Kihispania na za kwao Misri bega kwa bega. Sauti yake ni nyepesi na safi, haina kishindo. Mtu anayetaka kuanza kuizoea opera na aanze hapo.

Wa pili ni Farrah El Dibany wa Aleksandria, mezo-soprano, sauti ya kiza kidogo kama asali ya nyuki wadogo. Huyu wasomaji wengi wamekwisha kumwona bila ya kumjua. Tarehe 18 Desemba 2022, kabla ya fainali ya Kombe la Dunia kule Lusail, Qatar, kati ya Ufaransa na Argentina, ndiye aliyesimama uwanjani akaimba wimbo wa taifa wa Ufaransa. Mabinti wote wawili walipita mikononi mwa mwalimu mmoja kwao Misri, Bi. Neveen Allouba. Hili neno la mwalimu tutalirudia.

Nje ya Uarabuni hatuwezi kumruka Leontyne Price, Mmarekani mweusi wa Mississippi, ambaye kwa wapenzi wengi wa opera ndiye Aida wa karne nzima. Mlango alifunguliwa na Marian Anderson, mweusi wa kwanza kuimba nafasi katika Metropolitan Opera ya New York mwaka 1955. Price alipoingia humo mwaka 1961, makofi yalisemwa kuwa yalizidi dakika arubaini. Alipoaga jukwaa hilo la opera, Januari 1985, aliagia kwa Aida. Yule Mhabeshi mateka aliyetungwa ampambe Khedivu, sasa aliimbwa na mjukuu wa watumwa wa kweli, na anapolililia taifa lake msikilizaji hajui tena kama ni Uhabeshi au ni Mississippi.

Katika Afrika yupo Pretty Yende wa Afrika Kusini. Yeye alisikia opera mara ya kwanza akiwa msichana wa miaka kumi na sita, katika tangazo la shirika la ndege kwenye televisheni, asijue ni kitu gani. Akamuuliza mwalimu wake. Mwezi wa Mei 2023 aliimba mbele ya dunia nzima katika kutawazwa kwa Mfalme Charles wa Uingereza.

Na teno? Luciano Pavarotti, mwana wa mwoka mikate wa Modena, aliyefariki mwaka 2007. Wimbo wake wa Kombe la Dunia la 1990 kule Italia ulitoka katika opera ya Puccini, Turandot. Vijana waliuimba mitaani wakidhani ni wimbo wa mpira.

MASKATI

Turandot hiyo hiyo ndiyo iliyofungua Jumba la Opera la Kifalme la Maskati, mwezi wa Oktoba 2011, akiongoza okestra Plácido Domingo, na jukwaa likiwa limepangwa na Franco Zeffirelli. Jumba hilo lenye viti kama 1,100 lilijengwa kwa amri ya Sultani Qaboos, aliyefariki Januari 2020. Dubai nayo ikafuata kwa jumba lake mwaka 2016.

Oman inatugusa zaidi. Katika mitaa ya Maskati Kiswahili husikika mpaka leo, lugha ya familia zilizotoka Unguja na mwambao, nyingi baada ya 1964. Na katika ngoma za Oman mna lewa, iliyovuka bahari kutoka pande hizi, na maneno ya Kiswahili hayajatoka ndani yake.

Yafaa kueleza kwa uadilifu kuwa Qaboos hakuanza na jumba. Tangu 1985 alikuwa ameanzisha okestra ya kifalme, wakateuliwa vijana wa Kiomani, wavulana kwa wasichana, wakafundishwa fidla na zumari tangu utotoni. Katika miaka hiyo hiyo ya 1980 aliunda kituo cha kukusanya na kuhifadhi muziki wa jadi wa Oman, lewa ikiwemo. Basi jumba lilipofunguliwa, palikuwa na Waomani waliojua muziki kwa miaka zaidi ya ishirini. Lakini jumba lenyewe hutegemea sana opera za kualikwa.

MIZANI TATU

Tukirudi Riyadh, tuipime ile opera kwa mizani tatu: lugha, koo na mfuko.

Kwa lugha, Riyadh imemshinda Ismail. Maneno ni ya mshairi wa Kisaudi, Saleh Zamanan, na kisa ni chao. Kwa koo, mizani imekaa nusu kwa nusu: muziki ni wa Mwaustralia, Lee Bradshaw, na Zarqa mwenyewe aliimbwa na Mwingereza mashuhuri, Sarah Connolly, aliyejifunza kuyatamka maneno ya Kiarabu. Walikuwamo Wasaudi katika nafasi nyingine, kama Sawsan Al-Bahiti na Khayran Al-Zahrani, na hiyo ni mbegu. Kwa mfuko, fedha ni ya mafuta si ya mkopo. Lakini wako walimwengu wanaosema kuwa sherehe kama hizi hufunika kelele za wafungwa wa maoni. Hao nao wasikilizwe. Nchi iliyochagua kisa cha mwanamke aliyeona mbali akakadhibishwa, isije ikawakadhibisha waonao mbali walio ndani yake.

Na sisi je? Tusijifanye kuwa watazamaji tu. Taarabu nayo iliingia Unguja kama opera ilivyoingia Cairo: kwa amri ya jumba la mfalme. Husimuliwa kuwa Seyyid Barghash, yule yule aliyetaka kunyang'anywa Kismayu, ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza ganuni. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu, wasikilizaji walikuwa mabwana. Lau mambo yangalikoma hapo, taarabu ingaliungua kama lile jumba la mbao. Kilichoiokoa ni kubadilika kwa koo na lugha. Akaja Siti binti Saad, mwana wa shamba, aliyekuwa akiuza vyungu; akaimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Tangu siku hiyo taarabu haikuwa tena ya jumba, ikawa ya watu. Kilichonunuliwa kikawa kilichozaliwa.

Hapa ndipo kosa la Ismail lilipo, na ndipo onyo letu lilipo. Sanaa ngeni si adui. Adui ni kuinunua na kukaa kitako. Leo vizito vya mwambao wetu, Juma Bhalo aliyefariki 2014 na Zein l'Abdin aliyefariki 2016, wamelala. Na udi alioupiga Zein haukuwa wa kubahatisha, ulikuwa elimu. Unguja wana chuo chao cha muziki wa nchi za majahazi tangu 2002, nacho kimepita dhiki kubwa za fedha. Mombasa tuna nini cha kumkabidhi kijana wa miaka kumi na sita akiuliza, kama alivyouliza yule binti wa Afrika Kusini, "Kitu hiki ni nini, na hufundishwa wapi?"

Hatuhitaji jumba la marumaru. Tunahitaji akina Neveen Allouba: walimu wachache, chumba chenye kivuli, udi na ganuni zilizotengenezwa vizuri, na mshahara unaofika mwisho wa mwezi. Serikali za kaunti za Pwani hupata fedha za kualika wapigaji kwa sherehe za siku moja. Fungu dogo la fedha hizo lingemlipa mwalimu mwaka mzima. Watu wenye maduka na mahoteli, wanaojivunia taarabu mbele ya wageni, nao wana dhima.

Msomaji atakayeisikiliza Aida na aisikilize kwa raha zake. Ni kazi kubwa, na Leontyne Price humo ni johari. Ila akisikiliza akumbuke kwamba aliyelipia wimbo ule hakuwa na hata mtoto mmoja wa nchi yake jukwaani wa kuuimba. Chombo cha kuazima hakisitiri matanga. Jumba laweza kununuliwa kwa miezi sita. Koo hulelewa miaka ishirini. Atakaye kuanza, na aanze na koo.